Kete Zetu Zilikwenda Kulia

Nyumbani kwetu Ibra, Oman, Ijumaa haikuwa Ijumaa mpaka kete zimwagwe juu ya meza fupi. Wanaume wakisharudi msikitini tunakula, sahani zinaondolewa, Baba anajinyoosha dakika kumi na tano ambazo aliapa maisha yake yote kwamba halali, anafumba macho tu. Akiamka utausikia mlio ule, kete mia moja thelathini na sita zikikorogwa na mikono minane. Mama, ambaye hakucheza hata siku moja, alisema tunamkumbusha majitu yanayochagua mchele.

Baba ametangulia mbele ya haki, na mimi sasa nina mvi za kupaka hina. Lakini nikiusikia mlio ule, hata kwenye simu ya mtu mwingine, mikono yangu hujiandaa yenyewe. Naukumbuka kuliko nyimbo za harusi yangu, na sioni haya kusema kwamba wakati mwingine nalia.

Mchezo ni mahjong, ule wa Kijapani. Watu huniuliza ulifikaje Ibra, kana kwamba ulitembea kwa miguu. Ulifika kwa gari ya Baba kutoka Sur. Alikuwa mtunza stoo kwenye mradi wa gesi, na kambini palikuwa na wahandisi wa Kijapani waliocheza siku ya mapumziko. Mmoja wao akarudishwa kwao, wakabaki watatu, na mchezo huu unataka wanne. Wakamwita Baba, ambaye alizaliwa Unguja na kuijua dhumna kabla ya kujua kusoma. Alicheza nao Ijumaa tano au sita, basi. Mzee wao alipoondoka alimwachia sanduku la kete, na ndani yake karatasi moja yenye michoro na maandishi ya Kijapani. Sanduku likakaa kabatini miaka, mpaka Baba alipostaafu na kuanza kuingilia mambo ya Mama jikoni. Mama ndiye aliyelitoa, akamwambia awafundishe watu jambo lolote, mradi liwe nje ya jiko lake.

Karatasi hakuna aliyeweza kuisoma. Baba aliikunja, akairudisha chini ya kete, akasema haina haja, yote anayo kichwani.

Acha niueleze ukuta, maana huo ndio ninaoukumbuka hasa. Kete zinalazwa kifudifudi na kukorogwa. Kila mtu anajivutia zake, anapanga safu ya kumi na saba mbele yake, kisha safu ya pili ya kumi na saba karibu na kifua. Baba alituhesabisha sita, sita, tano, ili tusipoteze wakati. Halafu unaibana safu ya pili kwa vidole vyako vya mwisho, huku na huku, unainyanyua yote kwa mara moja na kuiweka juu ya ile ya kwanza. Ukibana kidogo, katikati inaporomoka. Ukibana sana, inapinda juu na kuruka. Ikishakaa, unausogeza ukuta wako mbele, na kuta nne zinakutana na kuwa mraba, kama ua wa nyumba. Sheria ya Baba ilikuwa kila mtu ajenge ukuta wake mwenyewe. Hapana kusaidiwa, hata kama vidole vinauma.

Ukuta ukisimama, dadu inatupwa, na hesabu ya dadu ndiyo inayosema ukuta wa nani ukatwe na wapi. Kete kumi na nne zinatengwa upande mmoja wa mkato, na hizo haziguswi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, mjane aliyeishi nasi, aliziita wakfu, kwa kuwa unaziona kwa macho yako na huna ruhusa nazo. Zilizobaki tulizichukua kwa zamu, kutoka pale kwenye mkato, kuelekea kulia.

Kulia, kwa sababu kwetu kila kitu kinakwenda kulia. Ukiingia majlis, chumba cha wageni, unaanza kutoa mkono kulia. Kahawa inazunguka kulia, na halwa nayo. Baba alikumbuka vizuri kwamba kwa Wajapani zamu ya mchezaji inakwenda kulia, na jambo hilo lilimfurahisha sana. Alisema ni watu wa adabu, na mtu mwenye adabu hana haja ya kufundishwa kulia ni wapi.

Tulikuwa wanne: Baba, Shangazi, kaka yangu na mimi. Hatukuchezea kitu chochote, si riali wala baisa, kwa hiyo Shangazi aliridhika kwamba hapana dhambi, na alikuwa mkali kuliko sote. Mimi nilikuwa nikifundisha Nizwa, nakaa huko katikati ya wiki na kurudi Ibra kila Alhamisi jioni. Wenzangu walidhani narudi kwa sababu ya mapenzi ya wazazi. Nilirudi kwa sababu ya ukuta.

Kisha kaka akapata kazi Maskati, akaoa huko huko, na upande mmoja wa meza ukabaki mtupu. Miezi hiyo hiyo ndipo mimi nilipomwambia Mama kwamba kuna mtu.

Alikuwa muuguzi pale Nizwa. Alikuja shuleni kutufundisha walimu huduma ya kwanza, nami nikambishia mbele ya wote kuhusu namna ya kufunga bendeji ya kifundo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaifunga kwa njia yangu, akanionyesha inavyolegea, wala hakucheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwetu wote wanajua, na sikuwa nimezoea kushindwa na mtu asiyepandisha sauti. Wiki ya tatu nilikuwa nimekwisha.

Mama alilipeleka jambo kwa Baba. Baba aliuliza kitu kimoja tu, jina la ukoo wao. Mama akamtajia. Walikuwa watu wa Pemba, baba mtu alishafariki, mama mtu anaishi Nizwa, na jina lao halikuwa la kabila lolote alilolijua Baba. Wazee wetu wana neno lao, kafaa, kwamba mume lazima alingane na mke kwa nasaba. Baba akanyamaza. Nilipandwa na hasira, maana hao hao majirani wa Ibra walituita sisi Wazanzibari kwa sauti ya kutupunguza, kwa kuwa tulirudi tukisema Kiswahili na kupikia nazi. Baba alilijua hilo kuliko mimi, na bado aliuliza jina.

Shangazi ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, kwa nini asiletwe Ijumaa moja, watu wamtazame, na vilevile meza ina pengo. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililomgusa Baba. Alikubali.

Nikampigia simu yule muuguzi nikamwambia ana wiki tatu za kujifunza. Akajifunza kwa kompyuta, chumbani kwake, kila baada ya zamu ya kazi. Alikuja Ijumaa ile amevaa dishdasha iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akaamkia watu vizuri, shikamoo kwa Shangazi, akakaa kumkabili Baba. Mama alifunga mlango wa uani ili majirani wasije wakauliza msichana anacheza nini na mgeni. Mimi roho ilikuwa juu. Neno moja tu la Baba ndilo nililolitaka, na niliona litatoka au halitatoka kwenye meza ile.

Kumbe kwenye kompyuta ukuta unajijenga wenyewe. Alikuwa anazijua sheria zote, hesabu zote, majina yote, lakini hajapata kushika kete. Alipanga safu zake mbili, akabana, akanyanyua, na kete kumi na saba zikatawanyika mpaka kwenye mapaja ya Shangazi. Tukakoroga upya. Zikatawanyika tena. Mara ya tatu Baba aliondoa mikono yake mezani, akaishika mikono ya yule kijana, mikubwa kuliko yake, akaviweka vidole vyake mahali pake. "Usiibane kama adui," akamwambia. "Ibane kama mtoto uliyemshika mabega." Ukuta ukanyanyuka, ukakaa, umepinda kidogo.

Baba akatupa dadu, akakata ukuta, akaanza kuchukua kulia. Nikamwona mgeni wangu akiutazama mkono wa Baba, kisha upande wa pili wa mkato, kisha mkono wa Baba tena. Akafungua mdomo. Shangazi akamuuliza ana nini. Akajibu kwamba hana kitu, anahesabu tu, na akachukua kete zake kule tulikochukua sote.

Jioni alinipigia simu na kuniambia. Zamu ya watu inakwenda kulia, kweli, lakini kete zenyewe huchukuliwa kwenda kushoto. Ukuta unaliwa upande mmoja na zamu inazunguka upande mwingine, ndivyo mchezo ulivyo. Sisi tulikuwa tunacheza kinyume tangu siku ya kwanza. Nilibisha, kama kawaida yangu, kisha nikakubali. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angesemaje, mbele ya dada yake mkubwa, kwa mzee aliyemshika mikono? Nikamwambia basi asiseme kamwe, na yeye akasema hakuwa na nia ya kusema.

Siku ya pili yake Baba aliniita uani. "Kijana hodari, na ana adabu," akasema. "Lakini siwezi, binti yangu. Nitawaambia nini watu?" Kisha, nilipokuwa nimeshageuka ili asione uso wangu, akaongeza, "Mwambie Ijumaa aje. Tuko watatu."

Mpaka leo nashindwa kuamua kama maneno yale yalikuwa ukatili au utoto. Mama alimkemea usiku ule mpaka nikasikia kutoka chumbani kwangu. Nami niliapa kwamba hatakuja. Akaja. Alisema kama mlango mmoja umefungwa na mwingine umeachwa wazi, yeye ataupita ulio wazi, inshallah.

Alikuja Ijumaa moja baada ya nyingine, mwaka mzima na miezi kadhaa, zaidi ya saa moja njiani kuja na zaidi ya saa moja kurudi. Alileta makomamanga ya mlima wa Jabal Akhdar wakati wa msimu wake, na dawa ya kupaka ya vidole vya Shangazi. Mikono yake ikajua. Ikafika wakati akawa wa kwanza kuumaliza ukuta wake, umenyooka, na Baba huupitishia kidole chake juu bila kusema kitu, na hiyo ilikuwa sifa. Vidole vya Shangazi vilipozidi kukaza, siku moja kijana aliunyoosha mkono wake, akambania upande mmoja wa safu huku Shangazi akibana mwingine, wakanyanyua pamoja. Sote tukamtazama Baba, kwa ile sheria yake. Baba akatazama dirishani. Tangu hapo ukuta wa Shangazi ukawa unajengwa na watu wawili, na sheria haikutajwa tena.

Ilikuwa miezi ya furaha, nikisema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Mezani Baba alimwita mwanangu. Mlangoni, wakati wa kuagana, alimwita bwana. Nilikuwa nikimhesabia. Baba alikuwa amemchukua mtu mzima mzima, mikono yake, Ijumaa zake, kicheko chake, na kilichobaki hakukitaka. Nilimwambia Mama hivyo. Mama akaniambia ningoje, kwa kuwa baba yangu ni mzito wa kugeuka. Nikangoja, mimi ambaye siwezi kungoja maji yachemke.

Asiyeweza kungoja zaidi alikuwa mama wa kijana. Na alikuwa na haki. Mwanawe anakwenda Ibra kila Ijumaa kama mtu aliyeajiriwa, anarudi hana jibu. Akamwambia khalas, yatosha, amemtafutia msichana huko Al Hamra, watu wazuri, na wiki inayokuja atakwenda kuzungumza nao. Alhamisi aliniambia hayo kwenye simu, kwa sauti yake ile isiyopanda. Alisema amemwomba mama yake muda mara nyingi na sasa ameona haya kuomba tena. Alisema kesho hatakuja, na nimsalimie Shangazi.

Sikumwambia mtu. Ijumaa tukala, sahani zikaondolewa, Baba akafumba macho yake dakika kumi na tano. Akamwaga kete. Tukakoroga watatu, mikono sita, na mlio ulikuwa mwembamba. Baba akajenga ukuta wake. Mimi nikajenga wangu. Shangazi akahangaika na wake peke yake, akausimamisha. Upande wa nne zikabaki kete thelathini na nne zimelala ovyo mbele ya mto wa kukalia uliokuwa mtupu.

Tukangoja. Kahawa ikaja, ikanywewa. Baba alitazama saa, akasema labda njia ina magari. Baada ya muda akauzunguka ubavu wa meza, akapiga magoti mbele ya ule mto na kuanza kupanga. Sita, sita, tano. Akabana, akanyanyua, akaweka. Sikuwahi kumwona akijenga ukuta wa mtu mwingine. Alipomaliza aliusogeza mbele taratibu, akarudi mahali pake, akaniuliza kama nimempigia simu.

"Haji," nikamwambia. "Mama yake amemtafutia mke."

Shangazi akasema la haula. Baba akautazama ule ukuta aliomjengea. Ndipo mimi nikasema yote, kwa sauti ambayo sijivunii. Nilimwambia kwamba kete zetu zinakwenda kombo, kwamba tumecheza kinyume tangu alipotoa sanduku lile kabatini, na kwamba yule kijana aliliona siku ya kwanza, kwenye mkato wa kwanza, akanyamaza ili asimfedhehi mbele ya dada yake. Amenyamaza Ijumaa zote hizi. "Hilo ndilo jina la ukoo wake, Baba," nikasema. "Kama bado unaliuliza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hapana aliyewahi kusema na Baba namna ile nyumbani mwetu. Baba akalivuta sanduku, akaitoa ile karatasi, akaifungua kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi hayakusomeka, lakini mchoro ulikuwepo: mraba wa kuta nne, mkato, na mshale. Mshale ulikwenda kushoto. Sidhani kama Baba alikuwa ameutazama tangu Sur.

"Tangu siku ya kwanza?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

Akaikunja karatasi. Akainuka, akaenda chumbani, tukasikia kabati. Alitoka amefunga kilemba chake cha Idi na kushika bakora, akamwambia Mama avae buibui, wanakwenda Nizwa. Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza. "Ushasikia wapi," akamwambia, "mwenye mtoto wa kike akenda kubisha hodi kwa watu?"

"Leo utasikia," Baba akasema.

Mimi sikuchukuliwa. Nilibaki mezani na Shangazi, kuta nne zimesimama mbele yetu na hapana aliyezigusa. Yaliyotokea Nizwa aliyaona Mama, na amenisimulia mara nyingi, kwa sababu namwomba.

Mlango ulifunguliwa na kijana mwenyewe, akawakaribisha ndani. Baba hakwenda kukaa mahali pa heshima alipoonyeshwa. Alikaa karibu na mlango, kwenye viatu. Mama mtu akaleta kahawa, akammiminia, na Baba akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukionja. Kila mtu katika Oman anajua maana yake. Mgeni asiyekunywa ana haja, na hatakunywa mpaka apewe jibu.

Mama mtu alijua pia. Lakini hakuharakisha. Alimmiminia Mama yangu, akajimiminia, akanywa. Ndipo akauliza ana haja gani.

Baba akasema amekuja kumwombea binti yake mume. Mama yangu anasema alilitoa neno hilo waziwazi, bila mapambo, na yeye akatamani zulia limfunike.

"Mwanangu kaja kwenu mwaka mzima," yule mama akasema. "Kila akirudi namuuliza, wamesemaje? Ananambia, nimekula vizuri." Akamtazama Baba. "Mimi nilikuwa nimuulize nini tena?"

Kikombe kilikuwa kinapoa pale chini. Kijana alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono yake. Baba yangu, ambaye kwa miaka thelathini ya ndoa Mama hakuwahi kumsikia akilitamka neno hili kwa mtu yeyote, akasema, "Nimekosea."

 Yule mama akainama, akakichukua kikombe kutoka mbele ya Baba, akaimwaga ile iliyopoa, akamimina nyingine ya moto, akamkabidhi mkononi. Mama anasema Baba alikunywa vitatu, na mlangoni, wakati wa kuagana, alimwita kijana mwanangu.